Mpiga Santuri na Wasikilizaji Asiowaona

Tangu zamani mwanadamu amejua kwamba wimbo huipunguzia kazi uzito wake. Wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja huipisha michi yao kwa wimbo, na wavuvi wakokotao juya huvuta kwa pamoja pale kiitikio kinapoangukia. Katika kazi za namna hiyo, mwenye kuongoza wimbo huiona mikono ya wenzake. Ikilegea, huchangamsha sauti. Ikichoka, hupunguza mwendo. Shukrani yake huipata papo hapo, kwa kuitikiwa.

Siku hizi wako viongozi wa wimbo wasioiona mikono hiyo kamwe. Hao ni watengenezaji wa podikasti za muziki wa mazoezi ya mwili. Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa katika intaneti ili kila apendaye akichukue na kukisikiliza kwa wakati wake, katika simu au chombo kingine. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2004. Mwaka uliofuata kampuni ya Apple iliviingiza vipindi hivyo katika programu yake ya iTunes, vikaenea upesi.

Mmoja wa waliotangulia katika kazi hii ni Steve Boyett wa Marekani, mwandishi wa riwaya ambaye pia ni mpiga santuri. Mwaka 2006 alianzisha kipindi kiitwacho Podrunner. Kila toleo lilikuwa mchanganyiko wa muziki usiokatika, wa muda wa kama saa moja, wenye mapigo yasiyobadilika tangu mwanzo hata mwisho. Mkimbiaji alichagua toleo lenye mapigo yanayolingana na hatua zake, wala hakudaiwa malipo.

Jambo hilo laonekana jepesi kwa asiyelijua. Iwapo wimbo mmoja una mapigo 158 kwa dakika na wa pili una 160, zikipigwa pamoja zitaachana kwa pigo zima kila nusu dakika. Katika dansi kosa hilo husameheka, lakini kwa mkimbiaji huivuruga miguu. Kwa mapigo 160 kwa dakika, mguu hukanyaga ardhi mara 9,600 katika saa moja. Kwa hiyo mtengenezaji hana budi kuupima kila wimbo, kuuongeza au kuupunguza kasi, kutafuta mahali unapoweza kuungana na mwenzake bila mshtuko, kisha kuisikiliza saa nzima upya.

Faida ya taabu hiyo si ya kubuniwa. Mwaka 1911 Leonard Ayres aliandika juu ya mbio za baiskeli za siku sita mjini New York, akaonyesha kwamba waendeshaji walikwenda kasi zaidi beni lilipopiga kuliko liliponyamaza. Naye Haile Gebrselassie wa Ethiopia, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ukumbini huko Birmingham, Uingereza, mwezi wa Februari 1998, alilinganisha hatua zake na wimbo wa Scatman uliokuwa ukipigwa.

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Mtengenezaji wa podikasti huwachezea watu wasio wa kwao, nao wametawanyika katika miji asiyoijua. Anachokiona ni hesabu tu ya waliokichukua kipindi. Hesabu hiyo haimwambii kama mtu alikimbia au aliketi, wala kama alifika mwisho au aliishia njiani.

Ndiyo maana barua fupi ya msikilizaji huwa na thamani kubwa kwake. Mama aliyepata nusu saa ya kutembea kabla watoto hawajaamka, au mzee aliyeshauriwa na daktari aunyoshe mwili, akieleza kwamba muziki ule ulimfikisha mwisho, humpa mtengenezaji kile ambacho kiongozi wa wimbo hukipata kwa kuitikiwa. Hata mwenye kulalamika kwamba mapigo yalipotea katikati humfadhili, kwa kuwa humwonyesha pa kurekebisha. Tena kipindi cha bure kina gharama: vyombo, nafasi katika intaneti, na haki za wanamuziki. Michango midogo ya hiari, kama ile ambayo Podrunner ilipokea kutoka kwa wasikilizaji wake, husaidia kuibeba gharama hiyo.

Hatari iko katika kimya. Kila msikilizaji hudhani kwamba wengine wamekwisha kushukuru. Mtengenezaji naye, asipopata neno, hudhani kwamba hakuna asikilizaye. Hivyo kazi iliyowafaa wengi yaweza kuachwa bila mtu yeyote kuichukia.

Mtengenezaji naye anawiwa shukrani. Hailipi kwa hotuba ndefu mwanzoni mwa kipindi, wakati mkimbiaji amesimama na misuli yake inapoa. Huilipa kwa kutunza mapigo, kutaja idadi yake kwa ukweli, kutoa toleo kwa siku aliyoahidi, na kuwataja wanamuziki ambao nyimbo zao amezitumia kwa ruhusa yao.

Kwa jamaa itakayo kuanza mazoezi, njia ni rahisi. Mtu atembee kwa mwendo wa haraka kidogo, ahesabu hatua zake kwa dakika moja, kisha atafute muziki wenye mapigo ya idadi hiyo. Hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa wastani unaowafaa wengi. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Sauti iwe ya chini, ili masikio yasidhurike na honi ya gari isikike. Barabarani ni heri sikio moja liachwe wazi. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Na akimaliza mazoezi, amwandikie mtengenezaji mistari miwili, ataje mahali alipo na umbali aliokwenda. Hiyo ni kazi ya dakika moja, nayo yaweza kuwa sababu ya kutengenezwa kwa toleo lijalo.