Joto la Januari: Chemsha alfajiri, familia ile bila mtu kuungua jikoni

Ukishuka matatu pale Kithimani mwezi wa Januari ama Februari, jua la saa sita ndilo la kwanza kukusalimia. Kwenye nyumba nyingi za huku, jiko liko ndani ya chumba kidogo cha mabati. Kuni zinawaka, moshi umejaa, na mbele ya moto amesimama mtu mmoja, mara nyingi mama ama dada yako mkubwa, anasonga ugali wa watu saba. Wewe uko chini ya mwembe na simu mkononi, unauliza msosi utaiva saa ngapi.

Makala haya ni yako wewe wa chini ya mwembe. Ni yako pia uliyebaki Nairobi kwenye bedsita yenye dirisha moja, mahali ambapo ukiwasha gesi saa saba mchana chumba chote kinageuka tanuri.

Swali ni moja: familia italaje vizuri msimu wa joto bila mtu mmoja kuungua kwa ajili ya wengine? Wakamba wana jibu, na liko kwenye gunia pale ghalani. Mahindi, mbaazi, kunde, ndengu na maharagwe ni vyakula vinavyoweza kupikwa wakati jua bado limelala. Kitu cha kubadilisha ni saa ya kuwasha moto tu.

Loweka usiku, washa moto alfajiri

Tuanze na muthokoi. Kama hujui, ni mahindi yaliyotwangwa kwa maji kidogo mpaka ganda la juu likatoka. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kinu na mchi. Siku hizi unapeleka mahindi kwa mashine ya kusaga ama unanunua muthokoi tayari sokoni. Kwa kuwa ganda limetoka, huiva upesi kuliko mahindi ya githeri, ambayo huku yanaitwa isyo.

Kwa watu sita, chukua vikombe vitatu vya muthokoi na viwili vya maharagwe ama mbaazi kavu. Chagua mawe na punje mbovu, osha, kisha loweka kila kimoja kwenye chombo chake usiku kabla ya kulala. Saa nane hadi kumi zinatosha. Kwenye joto hili usiache vikae siku nzima, manake maji yataanza kutoa povu na kuchacha. Asubuhi mwaga maji hayo, usipikie.

Saa kumi na moja alfajiri, hewa ikiwa bado baridi, bandika sufuria. Maharagwe, hasa yale mekundu, yachemke kwa nguvu nusu saa kabla hujapunguza moto. Yana sumu ya asili ambayo moto wa taratibu pekee hauimalizi, na maharagwe mabichi kiasi yanaweza kukutapisha vibaya. Usitie nyanya wala ndimu mapema, kwa sababu uchachu huchelewesha maharagwe kulainika. Vitu hivyo vingoje mwisho.

Ndengu hazina maringo hayo. Hazihitaji kulowekwa, na kwa dakika thelathini hadi arubaini zimeiva. Ziweke kwenye makaa yaliyobaki baada ya sufuria kubwa kutoka, na hakuna haja ya mtu kuzisimamia.

Kikapu kinachomalizia kupika

Ukambani ni nyumbani kwa vyondo, kwa hivyo kikapu hakikosekani. Tafuta kikapu kikubwa kinachotoshea sufuria na nafasi ya kiganja kimoja kuizunguka. Kitandike ndani kwa blanketi kuukuu, sweta zilizochanika ama matambara yaliyoshonwa kwenye mfuko, na utengeneze mto mnene wa kufunika juu. Hilo ndilo jiko lisilo na moto.

Linafanya kazi hivi: muthokoi na maharagwe yakishachemka vizuri kwa dakika arubaini hivi, funika sufuria kwa kifuniko kinachobana, itoe motoni ikiwa bado inatokota na uitie kikapuni mara moja. Weka mto juu na usifungue. Joto lililo ndani halina pa kutokea, kwa hivyo chakula kinaendelea kuiva polepole. Baada ya saa tatu au nne, rudisha sufuria motoni ichemke tena kabla ya kula. Kama punje bado ni ngumu, iongezee dakika chache.

Siri ni mbili. Sufuria iwe karibu kujaa, kwa sababu chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa upesi. Pili, wacha kuchungulia. Kila ukifunua, unatoa joto ulilolitafuta kwa kuni zako.

Kwa wewe wa bedsita, hii ndiyo njia ya kufanya mtungi wa gesi wa kilo sita ukae zaidi. Shuka mbili nzito na katoni ya sabuni zinatosha kuanzia.

Mchana baridi, jioni moto

*Chamcha: ndengu za kachumbari.* Chuja ndengu zilizoiva lakini hazijapondeka. Zisuuze kwa maji safi ya kunywa zipoe. Katakata kitunguu kimoja, nyanya tatu, hoho nusu na dania. Ongeza embe bichi lililokatwa vipande vidogo, kamua ndimu mbili, tia chumvi na mafuta kijiko kimoja. Changanya, mle hapo hapo. Inaenda vizuri na viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi ama chapati. Hakuna moto wa saa sita, na hakuna anayetoka jasho juu ya sahani.

*Chajio: muthokoi wa mboga.* Jua likishatua, kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya. Tia mboga iliyoko, halafu mimina muthokoi na maharagwe yako yanayotoka kikapuni. Acha vichemke pamoja dakika kumi. Kazi yote haizidi nusu saa.

*Kama mna friji: mbaazi za kesho.* Chemsha mbaazi nyingi kidogo, zigawe kwenye vyombo vifupi zipoe haraka, kisha ziingize ndani. Kesho yake zipike kwa tui la nazi, vile Mombasa wanavyokula na mahamri asubuhi. Mbaazi ni zilezile za shamba la Yatta. Ni viungo tu vimesafiri.

Nunua kinachotoka karibu

Kithimani iko kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, kabla ya Matuu. Eneo lenyewe ni kavu, lakini soko lake lina kijani kibichi hata wakati wa kiangazi. Sababu ni mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Unachukua maji ya mto Thika na kuyapeleka takriban kilomita 60 kupitia nchi hii ya vumbi. Kando yake watu hulima nyanya, sukuma wiki, bamia, biringani, pilipili, papai, na mishiri ya kuuza hadi ng'ambo.

Kwa mpishi wa nyumbani hii ni habari njema. Mishiri iliyokataliwa na wanunuzi wa ng'ambo kwa kupinda kidogo bado ni mishiri. Ikate vipande, ikaange dakika tano na muthokoi, na uone kama kuna mtu atauliza ilikuwa imenyooka ama la.

Bamia huwatisha wengi kwa utelezi. Osha ikiwa nzima, ikaushe kabisa kwa kitambaa, kisha ndiyo uikate. Ikaange kwa mafuta kidogo bila maji na bila kufunika, umalizie na ndimu. Utelezi utapungua sana.

Majani ya kunde nayo usiyachemshe mpaka yageuke kahawia. Kaanga kitunguu, tia majani na maji kidogo, funika kwa dakika chache, zima. Moto unapungua, na ladha inabaki.

Embe kwanza, chai baadaye

Huu ndio msimu wa maembe Ukambani. Kuanzia Desemba hadi Machi yanakuwa mengi kiasi kwamba mengine yanaozea chini ya miti. Wakati huohuo tunashushia ndengu na chai ya rangi.

Hebu geuza. Madini ya chuma yaliyo kwenye ndengu, kunde na maharagwe huingia mwilini kwa urahisi zaidi ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama embe, papai, nyanya mbichi ama ndimu. Chai ikinywewa na chakula hufanya kinyume, inazuia sehemu ya chuma hicho. Kwa msichana aliye kwenye hedhi kila mwezi, na kwa mama mjamzito, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa hivyo embe liwe mezani, chai ingoje saa moja baadaye.

Maembe yakizidi, yamenye, yakate vipande vyembamba, yapange kwenye wavu safi na uyafunike kwa neti nzi wasitue. Jua lile lile linalokuchoma litayakausha kwa siku chache.

Mambo mawili ya kutocheza nayo

La kwanza ni kiporo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, isipokuwa kiwe moto wa nyuzi 60 na zaidi. Kwenye joto la Yatta, githeri iliyokaangwa mchana na kuachwa mezani hadi usiku inaweza kunukia vizuri na bado ikakupeleka hospitali. Kama hamna friji, pika cha siku hiyo tu. Kiweke kikapuni kikiwa moto, na ukichemshe tena kabla ya kupakua. Kikapu kikishapoa, si mahali pa kulaza chakula.

La pili ni mahindi yenye ukungu. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa katika eneo la mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Makueni na Kitui ziliumia zaidi, na Machakos na Thika pia zilikuwa na wagonjwa. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa kabla ya kukauka vizuri.

Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza, kwa kuwa sehemu yake hutoka na ganda, lakini hakuimalizi. Punje zilizobadilika rangi, zilizooza ama zenye ukungu usizioshe ukidhani umeokoa. Zitupe, na usiwape kuku wala ng'ombe.

Kuna kipimo rahisi unachoweza kufanya kabla mahindi hayajaingia kwenye gunia. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko vichache na mahindi hadi theluthi moja ya chupa. Funika, tikisa dakika chache, halafu iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Yakikauka, magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kama umekuja likizo na unatafuta njia ya kumsaidia shosho, hii ni kazi ya nusu saa inayoweza kuokoa boma zima.

Pangeni zamu

Haya yote yataanguka kama bado ni mama anayeamka saa kumi na moja peke yake. Ugumu wa upishi wa kiangazi si mapishi, ni kwamba kazi zote zinaangukia mtu mmoja. Zikigawanywa, kila moja ni ndogo: mmoja anachagua na kuloweka usiku, mwingine anabandika alfajiri, wa tatu anakata kachumbari, wa nne anaosha vyombo. Hakuna hata moja hapo iliyoandikiwa wasichana. Kijana anayeweza kupanga timu ya mpira kwenye simu anaweza kuweka sufuria kikapuni.

Usingoje kuitwa, pia. Mama wengi wa Ukambani hawatakuomba. Watasema "wacha tu, nitafanya," na wataendelea kusimama kwenye moshi. Wewe mwambie jioni, "Mama, kesho asubuhi sufuria ni yangu," halafu uweke alamu kweli.

Usiku wa leo, kabla hujachomeka simu kwa chaji, pima vikombe vitatu vya muthokoi na viwili vya maharagwe, mwaga maji juu, funika. Kesho chamcha ikifika, mama naye akae chini ya mwembe.