PICHA YA BIBI ISIHARIBIKE NJIANI

Wananchi wa Mgogoni, Pemba, wana jamaa zao Unguja, Dar es Salaam na hata Maskati. Harusi ikifanyika, au karafuu zikianikwa, picha hupigwa kwa simu na kutumwa. Mara moja imefika Maskati.

Lakini picha iliyofika siyo sawa na ile iliyopigwa. Imepunguzwa.

Picha ya simu ni vitone vidogo vidogo vya rangi. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye vitone milioni 12 au zaidi. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, vitone hupunguzwa sana, ili picha isimalize bando. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Hata picha ndogo ya kushika mkononi itasafishwa vizuri.

Tabu huanza bibi anapofariki. Wajukuu wanataka picha yake kubwa ya kuweka kwenye fremu. Aliyempiga picha alikwisha kuifuta, imebaki ile iliyotumwa. Wanaipeleka studio Wete. Inatoka na ukungu, macho ya bibi hayaonekani sawasawa. Fundi hana kosa. Vitone vilivyopotea njiani hawezi kuvirudisha. Kompyuta inaweza kubuni vingine, lakini huo si uso wa bibi tena.

Enzi za filamu, mpiga picha alitunza negativu. Katika Mji Mkongwe, Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Katika kazi kama yake, picha ikichanika, nyingine ilisafishwa kutoka negativu ile ile. Kwa simu, negativu yako ni picha ya kwanza, ile iliyomo ndani ya simu iliyopiga. Hiyo usiifute.

Ukitaka kusafisha picha kubwa, nenda na simu yenyewe studio. Fundi atainakili kwa waya. Kama uko mbali, itume kwa WhatsApp kama hati, siyo kama picha. Ikienda kama hati haipunguzwi hata kitone kimoja. Itakula bando zaidi, lakini itafika nzima. Tangu mwaka 2023 ipo pia alama ya HD. Hiyo hupunguza, ila si sana.

Vijana hupenda kung'arisha picha na kuikata pembeni kwa programu za simu. Si vibaya. Fanyeni hivyo kwenye nakala, ile ya kwanza ibaki ilivyo.

Simu nayo huanguka baharini, na huibiwa. Kwa hiyo weka picha mahali pa pili: kwenye memori kadi, kwenye kompyuta ya ndugu, au kwenye Google Photos kwa njia ya intaneti. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na barua pepe zako za Gmail zimo katika nafasi hiyo hiyo.

Hapo kwenye Google Photos wengi hunaswa. Mtu anaona simu imejaa. Anafungua programu hiyo, anafuta picha, akidhani nakala ya kule imebaki. Kumbe imefutwa kote kuwili! Ikiwa ilikwisha kuhifadhiwa kule, hukaa kwenye pipa la taka siku 60, na unaweza kuirudisha. Siku hizo zikipita, haipatikani tena.