Ngege unayemla Kakamega si ngege

Je, msomaji, mara yako ya mwisho kula ngege ilikuwa lini? Kabla hujajibu kwamba ni juzi tu, ngoja kwanza nikusimulie yaliyonipata nyumbani kwangu mjini Kakamega.

Nilikuwa nimenunua samaki watatu sokoni, kila mmoja wa kujaza sahani. Mama muuzaji aliniapia kwamba ni ngege watupu na kwamba walitoka ziwani alfajiri hiyo. Nikaketi nje ya jikoni na kisu changu kuwapaa magamba. Mara akapita jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Yimbo, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Nikamkaribisha chakula cha jioni, nikamwambia kwa majivuno kwamba leo tuna ngege.

Mzee aliinama, akamshika samaki mmoja mkiani, akautandaza ule mkia kwa vidole viwili na kuutazama.

"Mwanangu, huyu ni samaki mzuri na nitakuja kumla," akasema. "Lakini si ngege. Huyu ni nyamami. Ngege mimi nilimla nikiwa kijana."

Nilitahayari. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiagiza ngege hotelini, nikinunua ngege sokoni na kuwafundisha wanangu kwamba huyu ndiye ngege. Kumbe nilikuwa nikimla nduguye!

Naam, ni ndugu kweli. Wazungu nao wana mafumbo yao ya namna hii. Yule trauti waliyemleta kwenye mito baridi ya milima ya Aberdare mwanzoni mwa karne ya ishirini ni wa ukoo mmoja na salmoni wa bahari za kaskazini, na huko kwao watu hubishana mezani ni yupi mtamu zaidi. Sisi wa Magharibi fumbo letu ni ngege na nyamami. Wote wawili ni tilapia. Wataalamu humwita wa kwanza Oreochromis esculentus na wa pili Oreochromis niloticus. Mama wa kila upande hulea kwa namna ileile ya ajabu: huyabeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na hata baadaye watoto wakiona hatari hukimbilia mumo humo kinywani.

Sasa ukitaka kuwatofautisha, fanya alivyofanya mwalimu. Tandaza mkia. Nyamami ana mistari myembamba iliyosimama wima, imepangana kama mistari ya daftari, toka mwanzo wa mkia hadi mwisho. Ngege hana mistari hiyo, na kichwa chake ni kidogo. Yupo pia ndugu wa tatu, mbiru, ambaye dume lake hupambwa kwa rangi ya machungwa kwenye ukingo wa mapezi. Ukimwona huyo sokoni siku hizi una bahati.

Je, ngege halisi alikwenda wapi?

Zamani yeye ndiye aliyekuwa mfalme wa Ziwa Victoria. Mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mnamo 1927 na 1928, ndiye aliyempa jina hilo la esculentus, ambalo maana yake ni "wa kuliwa". Lakini hata wakati huo mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Nyavu za kunasa samaki kwa matamvua ziliingia upande wa Kisumu mwaka 1905, na kufikia wakati wa Graham kila wavu ulikuwa ukitoa samaki wachache kuliko hapo awali. Alishauri kwamba tundu la wavu lisiwe chini ya inchi tano, ili wadogo wapate kupita na kuzaa.

Ushauri huo haukutosha. Katika miaka ya 1950 serikali za kikoloni ziliamua kuliongezea ziwa samaki kutoka kwingine. Ndipo alipoletwa nyamami, ambaye asili yake ni maji ya Mto Nile na Ziwa Turkana. Mbuta naye aliingizwa katika kipindi hicho. Mbuta tunamjua: ni mla wenzake. Lakini nyamami alimshinda ngege kwa ustadi mwingine. Ngege ni mchaguzi, chakula chake ni mimea midogo mno inayoelea majini. Nyamami hachagui. Atakula mimea hiyo, atakula wadudu, atakula mabaki ya chini ya ziwa na hata samaki wadogo. Isitoshe, ndugu hawa wanaweza kuzaana, na damu ya ngege ikawa inapotea ndani ya damu ya nyamami. Leo ngege yumo katika orodha ya samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Lililobaki ni jina lake, nasi tumemvika mgeni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye hasara. Maadamu kila tilapia tunamwita ngege, nani atauliza ngege yuko wapi?

Tuje mezani. Nyamami si samaki wa kudharauliwa hata kidogo. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, haina mafuta mengi na haivunjikivunjiki ukimkaanga mzima. Wazee waliowala wote wawili husema ngege alikuwa mtamu zaidi, hasa akichemshwa kwa chumvi na nyanya tu bila mafuta. Siwezi kuwapinga, ingawa wazee husema hivyo kuhusu karibu kila kitu cha ujana wao.

Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba nyamami mmoja hafanani na mwingine. Wa ziwani ni mmoja. Wa kidimbwini ni wa pili, na akivuliwa kwenye maji mabovu huwa na ladha ya matope. Ladha hiyo husababishwa na vijidudu fulani vya majini, na dawa yake ni mfugaji kumhamishia maji safi siku chache bila chakula kabla ya kumuuza. Nyumbani, ndimu itapunguza ladha hiyo lakini haitaiondoa. Wa tatu ni yule aliyegandishwa kwa barafu kutoka Uchina, aliyezua mabishano makubwa nchini mwaka 2018. Huyo naye aghalabu ni nyamami yuleyule, mtoto wa Afrika aliyekwenda kufugwa ng'ambo akarudi ndani ya katoni! Akiyeyuka huwa laini, kwa hivyo mkaange kwanza ndipo umuunge kwa kitunguu, nyanya na dhania. Wa ziwani akiwa angali na matamvua mekundu na macho maangavu, mchemshe tu, umle kwa ugali na likhubi.

Nilidhani habari imeishia hapo, mpaka mwalimu aliponiambia kwamba ngege wapo karibu nasi. Mto Yala, huuhuu unaopita kando ya Msitu wa Kakamega, hushuka hadi kwenye kinamasi cha Yala kule Siaya. Ndani ya kinamasi hicho, nyuma ya ukuta wa mafunjo, limo Ziwa Kanyaboli. Mbuta hakuweza kupenya mafunjo hayo, na ngege na mbiru wakasalia humo.

Hapa ndipo mimi na wewe wa Kakamega tunapoingia. Mnamo 2009 serikali ilianzisha mradi wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, kila kimoja cha mita 300 za mraba, kikiwekwa vifaranga 1,000. Vingi katika eneo letu vilipandwa nyamami. Vingine vimebaki makao ya vyura, lakini vingine vingali na samaki, na baadhi viko kando ya vijito vinavyomimina maji Yala. Mvua kubwa ikija na kingo zikibomoka, nyamami huondoka bila kuaga. Kwa hivyo ikiwa una kidimbwi, inua kingo zake na ufunge wavu mdogo kwenye mfereji wa kutolea maji. Nunua pia vifaranga madume watupu. Hawatazaana na kujaza kidimbwi samaki vibete, na wakitoroka hawataanzisha kizazi peke yao, ijapokuwa dume mtoro bado anaweza kuzaa na ngege jike.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa yule mama sokoni. Nikatandaza mkia wa samaki mmoja, nikamwonyesha mistari. "Mama, huyu ni ngege au nyamami?"

Akanitazama, akacheka hadi jirani zake wakageuka.

"Ni nyamami, mwanangu. Lakini nikiita nyamami hapa Kakamega, nani atakuja?"

Nikanunua wawili.