Kodi ya nyumba inapochelewa: subira ina mipaka, na haki ina njia

Katika vituo vidogo vya biashara vya Nyamahanga na vijiji vingine vya wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, nyumba ya kupangisha ni safu ya vyumba vichache vya tofali za kuchoma, bati juu, na uwanja mmoja wa wote. Mara nyingi mwenye nyumba anaishi hapo hapo. Kwa hiyo kodi inapochelewa, ugomvi hauishii kwenye fedha. Mdai na mdaiwa wanachota maji mahali pamoja, watoto wao wanasoma madrasa moja, na siku ya Ijumaa wanasimama safu moja.

Wapo wenye nyumba ambao subira ikiwaishia hutia kufuli mlangoni, hutoa vyombo nje mbele ya majirani, au hung'oa mlango. Wapo na wale wanaonyamaza miezi mitano kwa kuona haya, kisha hulipuka siku moja. Njia zote mbili zina hasara: ya kwanza inadhulumu, ya pili inalea dhulma.

Aliyeshindwa na asiyetaka

Dini yetu imewatenganisha wadaiwa mafungu mawili. Katika Sura al-Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu anaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafuu, na anabainisha kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Lakini katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemwita dhalimu yule mwenye uwezo anayechelewesha deni la mwenzake. Basi swali la kwanza la mwenye nyumba ni hili: huyu ameshindwa, au hataki?

Dalili zake hazifichiki. Aliyeshindwa huja mwenyewe kabla ya siku ya kulipa, hueleza kilichompata, na hutanguliza hata kidogo alichonacho. Asiyetaka huzima simu, hupita njia ya nyuma, na ahadi yake ya leo haifanani na ya jana. Wa kwanza anastahili muda wenye tarehe. Wa pili anastahili kukumbushwa haki kwa uwazi.

Kodi ifuate riziki

Ucheleweshaji mwingi hutokana na mapatano yasiyotazama mpangaji anapata riziki yake lini. Mwalimu au muuguzi hupata mshahara mwisho wa mwezi. Kumdai tarehe 15 ni kumtafutia aibu. Mkulima wa kahawa hushika fedha msimu unapofika, katikati ya mwaka, na huenda akasubiri malipo ya chama cha msingi hata baada ya kupeleka mzigo. Huyu ni afadhali alipe miezi kadhaa kwa pamoja baada ya mauzo. Kijana wa bodaboda hupata kila siku na hutumia kila siku. Kwake kodi ya kila wiki ni nyepesi kuliko ya mwezi.

Mapatano hayo yaandikwe. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo inatufunza kuandika deni na kuweka mashahidi. Karatasi moja inatosha: kiasi, siku ya kulipa, muda wa upangaji, sahihi za pande mbili na za mashahidi wawili. Kila malipo yapate risiti au yaandikwe katika daftari mbele ya mlipaji.

Tahadhari moja: tusiongeze faini juu ya kodi iliyochelewa na kuitia mfukoni. Wanazuoni wengi wanaihesabu nyongeza hiyo juu ya deni kuwa riba. Kama mpangaji hafai, mkataba ukiisha usiongezwe.

Nyumba ikiwa ya mayatima

Hapa wengi wetu huteleza. Tuchukue mfano wa ami anayesimamia vyumba vitatu walivyoachiwa watoto wa marehemu ndugu yake. Mpangaji anakuja na shida ya kweli, ami anaona huruma na kumsamehe miezi miwili. Amefanya wema, lakini kwa mali isiyokuwa yake. Kodi ile ni daftari, sare na chakula cha mayatima, na Qur'ani imeonya vikali juu ya kuila mali yao. Msimamizi anaweza kumpangia mdaiwa utaratibu wa kulipa, iwapo kufanya hivyo kunailinda mali ya watoto. Akitaka kusamehe, atoe mfukoni mwake ajazie. Hali ni hiyo hiyo kwa nyumba ya wakfu wa msikiti: imamu na kamati ni waangalizi tu.

Mazungumzo yakishindikana

Mwenye nyumba aanze kwa maneno ya faragha, kisha aite mashahidi wa mkataba. Bila mafanikio, atoe notisi ya maandishi yenye kutaja deni na muda wa kulipa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka maandishi kabla ya kuvunja upangaji kwa sababu ya malimbikizo ya kodi. Abaki na nakala.

Hatua inayofuata ni baraza la kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye uwezo wa kuamuru mpangaji aondoke na alipe. Njia hii ni ndefu kuliko kufuli, lakini atiaye kufuli kwa mkono wake huenda akageuka kutoka mdai kuwa mshtakiwa.

Nasi wapangaji tujitazame. Kodi ya mama mjane anayeishi chumba cha mwisho ndiyo dawa yake na ndiyo unga wake. Anayemkwepa huku akinunua simu mpya asidhani kwamba ukimya wake ni msamaha. Deni humfuata mtu hata kaburini, na warithi wake hulipa kabla ya kugawana chochote.

Mwenyezi Mungu atujaalie wepesi wa kudai kwa upole na wepesi wa kulipa kwa wakati. Amin.