Waridi la jangwani lataka jua la Marigat

Kutoka Nakuru hadi Marigat ni safari ya takriban kilomita 100, na njiani unashuka karibu mita 800. Jiji la Nakuru liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari ilhali Marigat ni kama mita 1,000 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoua waridi la jangwani, mmea wa maua ya rangi ya waridi unaouzwa katika vitalu vya kando ya barabara.

Wengi hudhani umetoka ng'ambo. La hasha. Adenium obesum, kama wanavyouita wataalamu, ni mwenyeji wa nyanda kame za Kenya, Baringo ikiwemo. Humea penye mawe, shina lake nene likihifadhi maji, na mara nyingi huchanua matawi yakiwa hayana jani hata moja.

Nakuru, mwenye nyumba huuweka barazani na kuumwagilia kila siku kama waridi la kawaida. Ifikapo Julai, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Mmea hulala na kupukutisha majani. Mwenyewe akiona hivyo hudhani una kiu, akaongeza maji! Bonyeza shina kwa kidole. Likiwa limesinyaa tu, huenda linataka maji. Lakini likibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, tena linanuka, limeoza. Ung'oe, ukate sehemu mbovu yote hadi ufikie nyama safi, uache kidonda kikauke kivulini kwa siku kadhaa, kisha upande upya kwenye udongo mkavu.

Udongo wenyewe haumpi mtu taabu hapa, kwani volkeno za eneo hili, Menengai ikiwa mojawapo, zimetuachia changarawe nyepesi yenye vitundu, inayopitisha maji upesi. Changanya mafungu mawili ya changarawe hiyo au mchanga mnene na fungu moja la udongo wa bustani. Tumia chungu chenye tundu na uondoe kisahani cha chini. Kiweke chini ya upenu, karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, mvua isikifikie. Msimu wa joto mwagilia udongo ukikauka kabisa. Kwenye baridi, karibu uusahau.

Asiyeamini habari ya maji kupita upesi aende Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru atazame msitu wa euforbia mashariki mwa ziwa. Miti hiyo mikubwa inayofanana na mipungate imeshika mteremko wa mawe, mahali maji yasipotuama.

Tahadhari: utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na tangu zamani wawindaji wameupaka kwenye mishale. Vaa glavu unapoukata, na uuweke mbali na watoto na mbuzi.

Ukienda kununua, usivutiwe na unene wa shina pekee. Mmea mkubwa wenye makovu na mizizi iliyokatwakatwa huenda uling'olewa porini, na huko haurudi upesi kwa kuwa hukua polepole mno. Muulize muuzaji kama ameuotesha kwa mbegu. Akibabaika, mwachie mmea wake na ununue mche mdogo kwingine.