Friji Moja kwa Prosesa Mbili

Upozaji kwa mabadiliko ya hali ni mbinu ya kuondoa joto la prosesa, yaani kipande kidogo cha silikoni kinachofanya hesabu zote za kompyuta, kwa kuchemsha kimiminika juu yake badala ya kuipulizia hewa kwa feni. Mitambo yake ni ya friji: kompresa, mabomba ya shaba, na gesi maalumu inayogeuka kimiminika na kurudi kuwa gesi bila kukoma. Wanaoijua mbinu hii kwa kuisikia tu hudhani kwamba ugumu wake uko katika kupata baridi kali, ilhali baridi ndiyo sehemu rahisi, kwa kuwa fundi friji mwenye uzoefu huweza kuzifikia nyuzijoto 30 chini ya sifuri pasipo taabu kubwa. Kazi halisi, hasa kompyuta inapokuwa na prosesa mbili, ni kugawa kimiminika kidogo sana kwa mahitaji yanayobadilika kila mara, na kuuzuia unyevu wa hewa usifike penye umeme.

Prosesa imejengwa kwa mamia ya mamilioni hadi mabilioni ya transista, ambazo ni swichi ndogo mno zinazofunguka na kufungika mabilioni ya mara kwa sekunde, na umeme unaotumika katika kazi hiyo mwishowe wote hugeuka joto. Joto hilo huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volteji huongezeka kwa mraba wake, hivi kwamba volteji ikipandishwa kwa asilimia 10, joto hupanda kwa asilimia 21. Wapenda kompyuta wanaoiendesha prosesa kwa kasi inayopita ile iliyopangiwa kiwandani hulazimika kupandisha vyote viwili, na hapo ndipo feni huzidiwa. Baridi, kwa upande wake, haiishii kuondoa joto tu bali hubadilisha tabia ya kifaa chenyewe: ukinzani wa nyaya za shaba zilizomo ndani ya prosesa hupungua kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1 inayoshuka, na umeme unaovuja kupitia transista zilizofungwa, ambao haufanyi kazi yoyote ya maana, hupungua sana.

Kiini cha mbinu ni joto fiche, yaani joto linalomezwa na kimiminika kinapogeuka mvuke ingawa chenyewe hakizidi kuwa moto. Mtungi wa udongo huyapoza maji ya kunywa kwa njia hiyo hiyo, maana maji machache yanayopenya hadi uso wake wa nje huvukizwa na hewa na kuondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Friji huongeza jambo moja tu juu ya kanuni hiyo, nalo ni udhibiti wa kanieneo, ambayo mafundi huiita presha, kwa kuwa kanieneo ndiyo inayoamua kimiminika kichemke kwenye nyuzijoto ngapi. Propani, ambayo ni mojawapo ya gesi zilizomo katika gesi ya kupikia, huchemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri katika kanieneo ya kawaida ya hewa, lakini ikibanwa hadi kati ya mara 13 na 14 ya kanieneo hiyo, hugeuka kimiminika hata ikiwa na joto la nyuzi 40.

Mzunguko mzima hufuata kutoka hapo. Kompresa huivuta gesi, huibana na kuisukuma kwenye kondensa, ambayo ni bomba lililokunjwakunjwa na kuwekewa feni, na humo gesi huachia joto lake hewani na kuwa kimiminika. Kimiminika hupita katika filta inayonasa takataka na unyevu, kisha huingia katika kapilari, yaani bomba refu lenye tundu lisilofika milimita 1, ambamo kanieneo huanguka. Mwisho wa kapilari kuna evaporeta, kasha la shaba linalokaa moja kwa moja juu ya prosesa, na ndani yake kimiminika huchemka na kurudi kwenye kompresa kupitia bomba nene zaidi, bomba la kunyonyea. Hakuna kigeni katika mpango huu: Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi London, aliipatia hataza mashine ya namna hii mwaka 1834.

Kuuhamishia mpango huo kwenye kompyuta za mezani kulifanywa kibiashara mwishoni mwa karne ya 20. Kampuni ya KryoTech ya Marekani ilitangaza mwanzoni mwa mwaka 2000 kompyuta iliyofikia gigahezi 1 kwa prosesa ya Athlon iliyopozwa, kabla AMD, mtengenezaji wa prosesa hiyo, hajaanza mwezi Machi kuuza prosesa yake mwenyewe ya kasi hiyo, na nchini Denmark kampuni ya Asetek iliuza kasha lenye kompresa kwa jina la VapoChill. Bidhaa hizo, hata hivyo, zilibuniwa kwa prosesa moja. Aliyekuwa na ubao mama wa prosesa mbili, yaani ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, alibaki na njia ya kujijengea mwenyewe.

Mfano mzuri ni mfumo ambao Intel iliutoa mwaka 2008 kwa jina la Skulltrail, uliobeba prosesa mbili za aina ya QX9775, kila moja ikiwa na kasi ya gigahezi 3.2 na kiwango cha joto cha wati 150. Kasi ikipandishwa hadi gigahezi 4 na volteji ikaongezwa kwa asilimia 10, hesabu huonyesha kwamba kila prosesa itatoa wati 227 hivi, na zote mbili zaidi kidogo ya wati 450. Kwa mtu anayetumia jiko la umeme kiasi hicho ni kidogo, lakini silikoni ya kila prosesa hapa ina eneo la sentimita mraba 2 na ushei tu, hivyo kila sentimita mraba hutema zaidi ya wati 100. Kompresa ya friji ya kawaida ya nyumbani, ambayo huondoa wati mia moja na kitu kwenye baridi ya nyuzijoto 30 chini ya sifuri, haitoshi. Huhitajika kompresa kubwa zaidi, ya aina inayofungwa katika mafriza ya madukani, ambayo yenyewe hula zaidi ya wati 300 za umeme.

Hata hivyo gesi inayozunguka ni kidogo ajabu. Ikiwa ni propani inayochemka kwenye nyuzijoto 30 chini ya sifuri, gramu 2 hivi kwa sekunde zinatosha kubeba wati zote hizo 450, na karibu sehemu 4 kati ya 10 za kiasi hicho huwa zimegeuka mvuke palepale kwenye kapilari, kwa kujipoza zenyewe, kabla hazijafika kwenye prosesa. Kinachobaki kufanya kazi ni kimiminika kisichofika hata nusu kijiko cha chai kwa sekunde, nacho ndicho kinachopaswa kugawanywa kwenye evaporeta mbili.

Wengi huanza kwa kuamini kwamba tatizo ni kuzifanya evaporeta hizo ziwe na baridi sawa, jambo ambalo kwa kweli hujitatua lenyewe, kwa sababu zote mbili zimeunganishwa kwenye bomba moja la kunyonyea, na penye kanieneo moja kiwango cha mchemko ni kimoja, alimradi kila evaporeta ina kimiminika. Swali la kweli ni kama kila moja inapata kimiminika cha kutosha na kisichozidi. Programu isiyojua kujigawa huweza kuitumikisha prosesa moja huku ya pili imekaa bure. Evaporeta ya ile inayofanya kazi hukauka na nyuzijoto zake kupanda, wakati ile ya jirani hupokea kimiminika isichoweza kukichemsha, kikamwagika kwenye bomba la kunyonyea kuelekea kwenye kompresa. Kompresa imeumbwa kubana gesi, na kwa kuwa kimiminika hakibaniki, vali zake huvunjika, au oili yake huchujuka mpaka vyuma vikasagana.

Njia ya kwanza ya kukabiliana na hali hiyo ni kutoa kapilari mbili za urefu na tundu sawa kutoka kwenye kigawanyo kimoja, kisha kuweka kabla ya kompresa chupa ya chuma ya kukingia kimiminika kinachorudi. Njia ya pili ni kuzipanga evaporeta kwa mfululizo, ili kile ambacho prosesa ya kwanza imekiacha kitumiwe na ya pili, na hapo kinachohesabika ni jumla ya joto tu, bila kujali limetoka wapi. Gharama yake ni kwamba kanieneo haiwi sawa tena mwanzoni na mwishoni mwa njia, na mabomba magumu ya shaba hupita katikati ya ubao pasipokuwa na nafasi. Wapo pia wanaofunga mashine mbili kamili, kila prosesa na kompresa yake, ambao hupata amani ya kiufundi lakini hulipa kwa uzito, kelele na ankara ya umeme. Kwa kompyuta ya kutumiwa kila siku, busara iko kwenye njia ambayo wajenzi wengi huiona haina ladha: evaporeta moja kubwa huzamishwa katika tangi la maji yaliyochanganywa na glaikoli ili yasigande, na pampu huyazungusha maji hayo kwenye prosesa zote mbili. Nyuzi kadhaa za baridi hupotea kwa sababu ya hatua hiyo ya ziada, lakini tofauti ya kazi kati ya prosesa na prosesa haiisumbui tena kompresa.

Anayeshikilia kapilari mbili hana budi kuwa na subira ya kipimo. Kapilari hukatwa ndefu kuliko inavyohitajika, mfumo hujaribiwa, na ikionekana kimiminika hakitoshi hupunguzwa sentimita chache kwa kila moja. Kila mara gesi hukusanywa kwenye mtungi, kiungo huchomelewa upya, na kazi ya kukausha huanza mwanzo. Uchomeleaji hufanywa kwa vijiti vya shaba na fosforasi vyenye fedha kidogo, katika joto linalopita nyuzi 600, na wakati wote huo naitrojeni hupitishwa polepole ndani ya bomba, kwa maana shaba ya moto ikikutana na oksijeni hutoa magamba meusi ambayo baadaye hubanduka na kuiziba ile njia isiyofika milimita 1. Baada ya hapo naitrojeni hujazwa kwa presha na viungo kupakwa povu la sabuni ili uvujaji uonekane kwa mapovu, kisha pampu huunyonya mfumo mpaka hewa iliyobaki iwe chini ya sehemu moja ya elfu ya ile ya kawaida. Katika utupu huo maji yoyote yaliyojificha huchemka kwa joto la chumba na kutolewa. Yakiachwa, huganda mwishoni mwa kapilari na kukata mtiririko. Gesi hupimwa kwa mizani, gramu kwa gramu, huku kompresa ikiendeshwa na prosesa zikiwa na kazi, au hita za umeme zikishika nafasi yake.

Adui wa nje ni umande. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzijoto 25, maana yake ni kwamba mfumo unaoshuka hadi 30 chini ya sifuri hukusanya maji na barafu kila mahali hewa inapopenya, ikiwemo miguu ya shaba iliyo nyuma ya ubao mama. Ndiyo sababu eneo la soketi, yaani kitako cha prosesa, hujazwa grisi isiyopitisha umeme, wengine wakitumia vaselini ya kawaida, kisha huzungushiwa tabaka za sponji ya mpira yenye vishimo vilivyofungwa, na nyuma ya ubao hubandikwa hita nyembamba ya wati chache. Kinachotafutwa hapo ni kutoacha hata upenyo mdogo wa hewa, kwani sponji nene yenye ufa mmoja huhifadhi maji badala ya kuyazuia.

Uchaguzi wa gesi una upande wake wa kisheria. R404A, iliyopendwa na wajenzi kwa kuwa huchemka kwenye nyuzijoto 46 hivi chini ya sifuri na haishiki moto, huchangia joto la dunia kwa zaidi ya mara 3,000 ya hewa ya ukaa ya uzito ule ule, nayo ni miongoni mwa zile zinazopunguzwa hatua kwa hatua chini ya marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyokubaliwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. R134a, iliyozoeleka katika friji za nyumbani, ina kasoro nyingine: kwenye nyuzijoto 30 chini ya sifuri kanieneo yake iko chini ya ile ya hewa, hivyo tundu dogo halitoi gesi nje bali huvuta hewa na unyevu ndani. Propani haina kasoro hizo, ila huwaka, na asilimia 2 hivi ndani ya hewa yatosha kwa cheche kuleta mlipuko. Mtungi wa jikoni si mbadala wake, kwa sababu gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani wenye unyevu na dawa ya harufu, na mchanganyiko huo hauchemki kwenye nyuzijoto zilizokusudiwa.

Uendeshaji wenyewe una mpangilio wake. Kompresa hutangulia, na kompyuta huwashwa baada ya evaporeta kushuka chini ya sifuri; umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompyuta haipaswi kujiwasha yenyewe, kwani kompresa huhitaji dakika kadhaa ili presha za pande mbili zilingane ndipo iweze kuanza tena. Wakati wa kuzima, kompyuta hutangulia na kompresa hufuata, na barafu iliyojificha chini ya sponji huanza kuyeyuka muda huo huo, ndiyo maana wajenzi makini huiacha hita ya nyuma ya ubao ikiwaka mpaka evaporeta zote mbili zirudi kwenye joto la chumba.