Maji Kupita Kiasi: Jambo Linalosahaulika Katika Maandalizi ya Marathoni

Mbio ndefu za barabarani zimekuwa sehemu ya maisha ya miji yetu. Dar es Salaam, Nairobi na Moshi zina marathoni zao, na pamoja na wanariadha wanaokimbilia zawadi, wapo watu wengi wa kawaida: karani, mwalimu, muuguzi, mama wa makamo aliyeshauriwa na daktari apunguze uzito. Wengi wao hujiandaa katika klabu za jogingi za mtaani, na huko ndiko wanakopokea mashauri yao ya kiafya. Mashauri hayo kwa sehemu kubwa ni mema. Lipo moja lisilo jema, nalo hutolewa kwa kujiamini kuliko mengine yote: kunywa maji kadiri uwezavyo, usisubiri kiu.

Makala hii inaeleza kwa nini ushauri huo ni wa hatari. Imeandikwa kwa ajili ya mkimbiaji, na vilevile kwa ajili ya mhudumu wa afya atakayempokea pindi akianguka, kwa kuwa maisha hupotea hasa pale ambapo maji aliyoyanywa mmoja yanaongezewa dripu iliyotundikwa na mwingine.

Funzo la Boston

Mwezi Aprili mwaka 2002, mwanamke mwenye umri wa miaka 28 alianguka akiwa katika Marathoni ya Boston nchini Marekani, na baadaye akafariki. Hakufa kwa kukosa maji. Alikuwa amekunywa kinywaji cha wanamichezo kwa wingi hata sodiamu katika damu yake ikazimuliwa mno, na ubongo ukavimba. Katika mbio hizohizo watafiti walikuwa wameandikisha wakimbiaji ili wawapime damu wanapomaliza. Walipata sampuli za kufaa kutoka kwa watu 488, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine. Asilimia 13 ya watu hao walikuwa na sodiamu ya milimoli 135 kwa lita au pungufu, na watatu walikuwa na milimoli 120 au pungufu, kiwango ambacho mtu anaweza kupata degedege wakati wowote.

Kwa maneno mengine, katika kila wakimbiaji wanane waliovuka mstari, takriban mmoja alikuwa na upungufu wa sodiamu, na wengi wao hawakuwa na habari.

Ni nini kilichowatofautisha na wenzao? Aina ya kinywaji haikuleta tofauti iliyoonekana. Kilichohusiana na tatizo kwa nguvu zaidi ni kuongezeka uzito wakati wa mbio. Jambo hilo ni la kushangaza ukilitafakari: mtu anakimbia kilomita 42.195, anatoka jasho njia nzima, kisha anapanda mizani na kukutwa mzito kuliko alivyoanza. Uzito huo ni maji. Mengine yaliyojitokeza ni kutumia zaidi ya saa nne na kuwa na wembamba au unene uliopita kiasi. Bingwa anayemaliza kwa saa mbili na dakika chache hana nafasi ya kunywa kupita kiasi hata akitaka. Anayekwenda mwendo wa taratibu kwa saa tano hupita kila meza ya maji, na kila meza kuna kijana mkarimu anayemnyoshea kikombe. Haya, basi, ni maradhi ya mkimbiaji wa kawaida, na mwenye mwili mdogo yuko hatarini zaidi kwa sababu lita moja ya ziada humwelemea kuliko mwenye mwili mkubwa.

Figo zinavyoamriwa kuyazuia maji

Msomaji anaweza kuuliza: si maji ya ziada hutoka kwa mkojo? Tukiwa tumepumzika, ndivyo. Figo zenye afya huweza kutoa karibu lita moja kwa saa. Lakini mbio ndefu hubadili hali hiyo. Uchovu, maumivu na kichefuchefu huchochea ubongo kumwaga homoni iitwayo vasopresini, ambayo kazi yake ni kuziamuru figo zirudishe maji mwilini. Homoni hii humfaa sana mtu aliyepotea jangwani. Kwa mtu anayepewa maji kila kilomita chache, ni kama kuziba bomba la kutolea huku la kuingizia likiwa wazi.

Sodiamu inapopungua katika damu, maji huhamia ndani ya seli, na seli huvimba. Msuli una nafasi ya kutanuka, lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, wala fuvu halitanuki. Ndiyo maana dalili za awali ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, tumbo kujaa na vidole kuvimba hata pete ikabana. Hufuata kuchanganyikiwa, kutapika, degedege, na hatimaye kupoteza fahamu. Dalili za mwanzo hufanana kabisa na za uchovu wa kawaida, na hapo ndipo mtego ulipo: mwenzake humwambia, "Umeishiwa maji, ongeza chupa nyingine."

Wapo wanaodhani kwamba kinywaji cha wanamichezo kinawakinga kwa sababu kina chumvi. Kinywaji cha aina hiyo huwa na sodiamu ya milimoli 20 hivi kwa lita, ilhali damu ina takriban 140. Hata maji ya chumvichumvi tunayowapa wenye kuharisha, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, yana milimoli 75. Vyote viwili, vikinywewa kupita kiasi, huizimua damu.

Kiu kama kipimo

Mwongozo unaokubaliwa sasa na wataalamu wa tiba ya michezo ni mwepesi: kunywa unapohisi kiu, acha kiu inapokwisha. Mwili huhisi kiu mara damu inapoanza kukolea kwa asilimia moja au mbili tu, mapema kabla ya hatari yoyote. Kupungua kilo moja au mbili ifikapo mwisho wa mbio ni hali ya kawaida. Atakaye kujijua vema ajipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu ya Jumapili, na asikubali kamwe kurudi nyumbani akiwa mzito kuliko alivyotoka.

Najua pingamizi litakalotolewa na wasomaji wa pwani. Boston huwa na baridi mwezi Aprili. Sisi tunakimbia Dar es Salaam, ambako hata alfajiri shati hulowa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini hatari kuu ya joto haiondolewi kwa kunywa zaidi. Mwili wa mkimbiaji huungua kwa joto linalotengenezwa na misuli yake mwenyewe, na jasho hupoza tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hudondoka bila kupoza kitu, na lita za maji tumboni hazibadili jambo hilo. Kinachosaidia ni kupunguza kasi. Husaidia pia kuuzoesha mwili: atokaye Mbeya, Arusha au Nairobi huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi katika joto la pwani kabla ya kushindana huko. Mwenye homa, iwe ya malaria au mafua, asikimbie kabisa siku hiyo, hata kama ada ameshalipa.

Mwezi Oktoba 2007 waandaaji wa Marathoni ya Chicago walilazimika kuisimamisha ikiwa katikati, joto likiwa limezidi nyuzi 30, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi kuliko uwezo wa kuwahudumia. Niliona inafaa kuitaja kwa kuwa nyuzi 30 kwetu ni siku kama siku nyingine.

Kwa mhudumu aliye kwenye hema

Mkimbiaji ameanguka hatua chache baada ya mstari wa mwisho. Mara nyingi tatizo ni dogo: misuli ya miguu, iliyokuwa ikisukuma damu kurudi moyoni, imesimama ghafla, na shinikizo la damu likashuka. Huyu ana akili timamu, anajibu jina lake na mahali alipo. Mlaze, inua miguu juu ya kiwango cha moyo, mpe nafasi. Baada ya dakika chache ataomba aende zake. Hahitaji dripu.

Hapa niseme wazi kuhusu dripu. Katika vituo vyetu imekuwa desturi kwamba aliyeanguka hutundikiwa maji kwanza, maswali baadaye. Na ndugu wa mgonjwa wasipoiona chupa juu ya mti huona kama hakutibiwa. Kwa mkimbiaji wa marathoni desturi hiyo yaweza kuua. Mwenye sodiamu ya chini anapotiwa lita mbili za maji ya dripu ya kawaida, vasopresini ikiwa bado juu, figo hubakiza maji na ubongo huzidi kuvimba.

Swali linaloamua ni hali ya akili. Mkimbiaji aliyechanganyikiwa, anayepigana na wahudumu, mwenye degedege au asiyejibu, ana jambo zito. Hakikisha kwanza kwamba anapumua na moyo unapiga. Kisha pima sukari ya damu, na pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Kipimo cha kwapani au cha paji la uso hudanganya vibaya baada ya mbio, kwani ngozi iliyolowa jasho huwa baridi hata viungo vya ndani vikiwa vinaungua.

Joto likizidi nyuzi 40 na akili imevurugika, hilo ni pigo la joto, na kanuni ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Mzamishe katika maji yenye barafu hadi kifuani, ukimshikilia kichwa, mpaka joto lishuke kukaribia nyuzi 39. Kifaa cha gharama hakihitajiki. Turubai imara lililoshikwa pembeni na watu sita, maji, na magunia ya barafu ile inayouzwa kwa wavuvi, vinatosha. Katika mbio za Falmouth, jimbo la Massachusetts, wagonjwa 274 wa pigo la joto walitibiwa kwa kuzamishwa katika maji baridi katika kipindi cha miaka 18, na hakuna hata mmoja aliyekufa.

Joto lisipokuwa juu na sukari ikiwa sawa, fikiria sodiamu. Kama kuna kipimo hapo hemani, kitumie mara moja. Mwenye dalili nzito za ubongo hupewa mililita 100 za maji ya chumvi makali ya asilimia 3 kwa mshipa katika dakika 10, na dozi hiyo hurudiwa hadi mara mbili zaidi iwapo dalili hazijapungua. Mwenye dalili nyepesi na anayeweza kumeza hupewa mchuzi mzito wenye chumvi nyingi, kidogokidogo, na huzuiwa kunywa maji mpaka aanze kukojoa vizuri. Daktari mkuu wa mbio asipoyakuta maji ya asilimia 3 katika sanduku lake la dawa, mapungufu hayo ayazibe kabla ya siku ya mbio, maana baada ya bunduki kulia hakuna pa kuyapata.

Ndugu nyumbani nao wana sehemu yao. Maji yaliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu, hivyo dalili zinaweza kuanza saa kadhaa baada ya mbio. Mkimbiaji anayeumwa kichwa kinachozidi, anayetapika au kusema maneno yasiyoeleweka jioni ya siku hiyo apelekwe hospitali, na daktari aambiwe mapema kabisa: mgonjwa huyu alikimbia marathoni leo.

Kabla ya kujiandikisha

Kuhusu moyo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hofu yake imezidi ukubwa wake. Uchunguzi wa mbio za marathoni na nusu marathoni nchini Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010, zilizojumuisha washiriki milioni 10.9, ulipata watu 59 waliosimama moyo, na 42 kati yao walifariki. Ni mmoja katika kila 184,000. Hata hivyo hatari hiyo haikugawanywa sawasawa. Aliyewahi kuzimia akiwa mazoezini, mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi, aliye na ndugu wa karibu aliyekufa ghafla akiwa kijana, na mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 anayeanza mazoezi baada ya miaka mingi ya kukaa, wamwone daktari kabla ya kulipa ada.

Wenye shinikizo la damu wanaotumia vidonge vya kukojosha wanahitaji ushauri wa pekee, kwa kuwa dawa hizo zenyewe hushusha sodiamu. Wanaotumia insulini hupaswa kurekebishiwa dozi. Mwenye vinasaba vya seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja anaruhusiwa kukimbia, ila aongeze mazoezi polepole na asimame mara misuli inapouma isivyo kawaida, kwani misuli yake inaweza kuharibika kwa urahisi zaidi katika juhudi kali. Nayo diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi humeza asubuhi ya mbio ili magoti yasiume, hupunguza damu inayofika kwenye figo na huzidisha nguvu ya vasopresini. Ziachwe siku hiyo.

John Stephen Akhwari wa Tanzania aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limeumia, anaheshimiwa kwa haki. Lakini aliyeanza kupoteza fahamu hawezi kujiamulia kuendelea. Mwenzake ndiye amwamulie, amtoe barabarani.

Nyuma ya namba ya kifuani waandaaji wengi huacha nafasi ya kuandika. Jaza jina lako, simu ya ndugu aliye karibu, maradhi uliyonayo na dawa unazotumia, kwa kalamu isiyofutika kwa jasho, usiku wa kuamkia mbio.